Aliyeyaondoa Machicha

Jumamosi, tarehe 31 Mei 2025, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri. Manyunyu yalikuwa hayajakatika tangu jioni, na ukungu wa Mto Mathare ulikuwa umepanda ukingo wote hadi kwenye mabati ya boma letu, Huruma. Fahali wa kwanza alikuwa amekwisha kufa.

Alilalia ubavu wa kulia, na ule wa kushoto ulikuwa umefura kama ngoma iliyowambwa. Wa pili alikuwa amepiga magoti, akisaga meno. Wa tatu alisimama peke yake kwenye kona, kichwa chini, akiinua kwato moja baada ya nyingine kana kwamba sakafu ilikuwa na moto.

Wasike, mlishaji wangu, alikuwa amechuchumaa kando ya mzoga. Hakunisalimu.

"Piga kengele, Kiranja," alisema. "Labda ataamka."

Alikuwa amenionya, nami sitaanza kwa kulikana jambo hilo.

Kwa msomaji anayenipata leo kwa mara ya kwanza: naitwa Mutisya. Nilikuwa karani wa ghala katika kinu kimoja cha unga, Eneo la Viwanda, nikafukuzwa kwa kukataa kutia sahihi uzani wa uongo. Koki, mke wangu, alivumilia miezi minne, kisha akarudi kwao Kitui na watoto. Ng'ombe wawili wa kwanza niliowanunua kwa kiinua mgongo waliibwa Njiru. Wiki jana nilieleza jinsi mzee Dubow wa Pumwani, mfanyabiashara wa mifugo, alivyoniamini wakati ambapo hakuna mwingine aliyeniamini. Aliniletea mafahali watatu weupe kutoka Garissa ili niwanoneshe kwa ajili ya Idd ya kuchinja.

Fahali mmoja huchinjwa kwa niaba ya watu saba. Watatu, basi, walikuwa wa watu ishirini na mmoja, wengi wao wajane na wazee wa Majengo, ambao kila mmoja peke yake hangeweza kununua hata mbuzi. Dubow ndiye aliyewapa neno lake.

Naye alinipa sharti moja tu. Wanyama hawa ni amana, alisema akiwa amesimama mlangoni pa boma. Wale pumba, wale mashudu, wale kiini cha mahindi, wale nyasi. Lakini mabaki ya pombe yasivuke kizingiti hiki. Nilimpa mkono.

Jambo ambalo sikulieleza wiki jana ni kwamba amana hiyo niliivunja kwa pua.

Mwanzoni mwa Mei, kinu kilichokuwa kikituuzia pumba kiliacha kuwauzia wanunuzi wadogo. Kwa siku mbili mafahali walikula nyasi za kando ya barabara, wakaanza kulia. Siku ya tatu nilikuta kihori kimejaa. Niliinama, nikanusa. Ilikuwa harufu ya uchachu, harufu ya wimbi lililooteshwa na mahindi yaliyovundikwa. Truphena, mke wa Wasike, hupika pombe ya busaa ng'ambo ya mto, upande wa Mathare, na machicha, yaani mabaki ya pombe hiyo, alikuwa akiyamwaga yote majini.

Sikuuliza. Wasike naye hakusema. Alikuwa akiyabeba bure, magunia mawili kila alfajiri, akipita kwenye mawe ya kuvukia mto.

Kwa wiki tatu mafahali walijaa shingo na mgongo, ngozi zikameta. Wachinjaji wa Kiamaiko walipokuwa wakiteremka mtoni walisimama kuwatazama, wakaniuliza siri yangu. Niliwaambia ni nidhamu. Chakula saa kumi na mbili kamili, maji saa nne, chakula tena saa kumi, kwa kengele, bila kuchelewa hata dakika moja, kama tulivyolishwa sisi katika shule ya bweni. Niliyasema hayo Wasike akiwa amesimama hatua mbili nyuma yangu na kikapu cha machicha mkononi.

Alicheka. Nilidhani anacheka kwa heshima.

Alhamisi, mzee Dubow alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa fupi. Alisema kuna maneno yamemfikia mkewe Khadro sokoni, na kwamba atakuja Jumamosi baada ya sala ya alfajiri tuongee uso kwa uso.

Mtu mwingine angetetemeka. Mimi nilitoa amri. Machicha yote yaondolewe boma zima, kihori kisuguliwe kwa sabuni, na tangu jioni hiyo mafahali wapewe kiini cha mahindi kitupu, ile sehemu nono inayobaki kinu kinapotoa unga mweupe. Nilikinunua kwa akiba yangu ya mwisho. Nikaagiza vipimo visipungue: karai lile lile, lijae vile vile.

Wasike alinitazama kana kwamba nimemwambia auhamishe mto.

"Kiranja, ng'ombe huachishwa chakula kama mtoto anavyoachishwa ziwa," alisema. "Leo unapunguza kidogo, kesho kidogo. Ukimjaza kiini karai zima kwa mara moja, tumbo litachacha na kuwaka. Nipe siku kumi."

"Tuna siku mbili."

"Basi mwambie mzee ukweli."

Nilimjibu kwamba katika boma langu amri haijadiliwi. Akajaribu tena. Akaomba angalau nusu ya karai, na nyasi kavu juu yake. Nikamwambia kwamba nusu ya wema ni unafiki, na kwamba mchafu hutakaswa siku moja au hatakaswi kamwe. Maneno hayo niliyasikia kwa mwalimu mkuu wetu, na nilipoyatamka nilijiona mrefu.

Ijumaa walikula kwa pupa. Ijumaa jioni waliacha kucheua.

Sasa ilikuwa Jumamosi, na tulikuwa tumebakiwa na muda usiozidi saa moja kabla ya Dubow kufika. Wasike alikoroga magadi katika maji ya uvuguvugu, tukamfungua kinywa yule wa pili na kummiminia kwa chupa. Nusu ilimwagika kifuani mwangu. Fahali alinitazama kwa jicho lililozama, akakohoa, akalala chini mzima mzima.

Wasike alihamia kwa yule wa tatu. Huyo alikunywa. Hakuwa mlafi kama wenzake, na huo ndio wema pekee uliomwokoa hadi wakati huo.

Dubow aliingia saa kumi na mbili na robo. Ni mzee mwembamba, ndevu nyekundu za hina, koti limelowa mabegani. Alitoa salamu, kisha akaona.

Hakupiga kelele. Aliuvuka mzoga, akachuchumaa mbele ya yule wa pili, akamshika sikio. Akauliza kama bado anapumua. Wasike akasema ndiyo. Dubow akatoa simu, akamwita Nuradin, mpwa wake aliye mchinjaji huko juu Kiamaiko, akamwambia aje na kisu, aje mbio, kwa maana anayekufa bila kisu ni nyamafu, na mmoja alikwisha kuwa nyamafu.

Nuradin aliteremka ule mteremko wa matope kwa dakika nane. Walimgeuza fahali kuelekea kibla, wakamtaja Mola, wakamchinja. Damu ilitoka nzito na polepole, kama isiyotaka.

Nilisema, kwa kuwa niliona lazima niseme jambo la kutia moyo, kwamba angalau huyu ameokolewa kwa ajili ya Idd.

Nuradin alinicheka usoni.

"Idd ni wiki ijayo, bosi. Kinachochinjwa kabla ya sala ya Idd ni nyama tu. Na hii hata nyama si nyama. Mbwa wa Huruma ndio wataila."

Dubow alimwambia apasue tumbo. Nuradin akapasua. Kilichotoka sitakisahau: kiini cha mahindi, kizima, cha manjano, kimevimba, kimerowa katika maji ya kijivu yanayonuka siki. Karai baada ya karai. Hakuna kilichokuwa kimesagika.

Dubow alichota kiganja kimoja, akakileta karibu na macho yangu.

"Waryaa, wewe Mutisya, huyu alikula nini jana?"

Nilisema alikula kiini cha mahindi kisicho na doa, cha daraja la kwanza.

"Na juzi?"

Mvua ilikuwa ikigonga mabati.

"Juzi alikula machicha," Dubow alisema. "Najua. Khadro aliambiwa sokoni, akaniambia. Nikaenda kwa imamu Jumatano. Imamu akasema, mnyama akila kitu cha shaka, mlishe safi siku kadhaa, kidogo kidogo, halafu mchinje, hakuna neno. Akasema siku saba zatosha. Nikahesabu, nikaona ziko. Leo nilikuja kukwambia usiogope, tuanze kupunguza pamoja."

Aliyasema hayo polepole, kama mtu anayemsomea mtoto. Kisha akakikung'uta kile kiini kutoka kiganjani.

"Mimi nimechunga ng'ombe tangu meno ya kwanza. Huyu hakuuawa na machicha. Ameuawa na yule aliyeyaondoa. Nataka jina lake."

Wasike alikuwa ameinamisha uso, kamba ya fahali wa tatu mkononi.

Dubow aliendelea. Aliyeua amana yake, alisema, hatashika tena kamba ya mnyama Kiamaiko, wala Njiru, wala Garissa. Yeye mwenyewe atapiga simu tatu, na zitatosha. Na mtu huyo ataandamana naye hadi Majengo asubuhi hii, asimame mbele ya wale watu ishirini na mmoja, awaambie kwa kinywa chake kwa nini watakula maharagwe siku ya Idd.

"Nakwenda kunawa damu," alisema. "Nikirudi nataka jina."

Mtungi wa maji uko nyuma ya boma, hatua ishirini hivi. Nuradin alimfuata na sabuni. Tukabaki wawili.

Hapa yanipasa kufichua jambo nililowaficha wasomaji wangu tangu sehemu ya kwanza, nikiwaacha mdhani kwamba Wasike ni kibarua niliyemwokota Huruma. Tulisoma pamoja.

Mwaka wa 1997, tukiwa kidato cha tatu, nilikuwa kiranja wa bweni. Taa zilipozimwa, kwa mujibu wa kanuni niliyoisimamia mwenyewe, mimi nilisoma kwa mshumaa chini ya blanketi. Nikasinzia. Godoro likashika moto, likafuata lingine, na chumba cha masanduku kikateketea. Hakuna aliyeumia. Asubuhi mwalimu mkuu alisimama gwarideni akataka jina, la sivyo bweni zima lingerudishwa nyumbani.

Nilikuwa na jina hilo kinywani. Miguu ilikataa kusonga.

Aliyepiga hatua mbele ni Wasike. Alikuwa ameniona na mshumaa. Alijua mama yangu alikuwa ameuza fahali wa jembe ili nisome, naye alikuwa mchezaji mpira, mtu wa kucheka, ambaye aliamini shule zipo nyingi. Alichapwa viboko sita mbele ya gwaride, akajitwika sanduku lililoungua pembe moja. Funguo za lango zilikuwa mikononi mwa kiranja. Mimi ndiye niliyemfungulia.

Hakupata shule nyingine. Mwaka uliofuata nikawa kiranja mkuu.

Miaka ishirini na sita baadaye nilimkuta Huruma akisukuma mkokoteni, nikampa kazi ya kulisha ng'ombe. Hakuwahi kulitaja jambo lile. Jina "Kiranja" tu ndilo alilolihifadhi, na alilitumia kila siku.

Sasa alisogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, bila hasira.

"Neno moja tu, Kiranja. Sema ni wewe."

Niliutazama mzoga wa kwanza.

"Mimi nina watoto wanne, na kitu ninachojua duniani ni kushika kamba. Wewe ukifukuzwa hapa utapata ofisi. Una cheti. Cheti kile tulikipata wawili, ukakiweka wewe peke yako. Sijawahi kukudai. Leo nadai."

Nilimwambia kwamba yeye ndiye aliyeleta machicha, na kwamba asingeyaleta, pasingekuwa na cha kuondoa.

"Ulinusa," alisema.

Nilimwambia kwamba kunusa si kuagiza.

Alitabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo. "Kumbe shule ilikufundisha," akasema.

Wasomaji wengine wataniandikia, kama walivyoniandikia wiki zilizopita, kwamba mimi ni mtu mwenye kanuni na kwamba hakika nilisema ukweli. Nilikuwa na muda wa kuusema. Nilisikia maji yakimwagika nyuma ya boma, nikasikia Dubow akisukutua. Nilizifikiria zile simu tatu. Nilimfikiria Koki akisikia huko Kitui kwamba hata kulisha ng'ombe kumenishinda. Nilijiona nimesimama Majengo mbele ya vikongwe ishirini na mmoja, wakinitazama viatu.

Dubow alirudi akijifuta mikono kwa koti.

"Haya. Ni nani?"

"Wasike ndiye anayewalisha," nilisema.

Kila neno katika sentensi hiyo lilikuwa kweli. Nilikuwa nimeichagua kwa sababu hiyo.

Lakini mzee hakuitaka. "Mlishaji namjua, namwona, ameshika kamba. Sikuuliza nani alibeba karai. Nani alisema machicha yatoke na kiini kiingie, siku moja, kipimo kizima? Hiyo si akili ya mtu wa ng'ombe. Hiyo ni amri. Nani alitoa amri?"

Wasike hakunitazama. Alikuwa akimkuna fahali katikati ya pembe, kwa vidole viwili.

"Wasike," nilisema. "Mimi sikuwepo."

Nuradin alitema mate matopeni. Sijui alimtemea nani.

Dubow akanyoosha mkono. "Lete kamba."

Wasike aliifungua kwenye kiganja chake, maana alikuwa ameizungusha mara tatu, akamkabidhi. Fahali alijaribu kumfuata. Nuradin akampiga fimbo ya pua, akarudi nyuma.

"Ni kweli alivyosema?" Dubow alimuuliza.

Nilingoja. Sitaficha kwamba nilitarajia. Mtu aliyewahi kubeba mzigo wa mwenzake hudhaniwa ana mabega ya kubeba wa pili, na mimi nilitazama mabega yale, nikayaona yamelowa, mapana, nikasema moyoni kwamba atabeba.

"Nitajibu Majengo," Wasike alisema. "Mbele ya wenye ng'ombe."

"Nami nimwamini nani hadi huko?"

"Usimwamini mtu, mzee. Twende sote watatu."

Dubow alinigeukia, akaniuliza kama nina neno la kupinga. Nilitikisa kichwa. Akamwachia Nuradin yule fahali aliyebaki pamoja na mizoga miwili, akafunga vifungo vya koti, akatangulia.

Kutoka Huruma hadi Majengo, kwa miguu, ni kama saa moja. Tulipanda mteremko, tukapita vichinjio vya Kiamaiko, mbuzi wakiwa wamepangwa ukutani wakingoja zamu. Wachinjaji walinisalimu kwa jina. Mmoja aliuliza mafahali wanaendeleaje. Dubow hakugeuka, nami nikamjibu kwamba wanaendelea vyema.

Wasike alikuwa kando yangu. Alitembea taratibu, mikono mitupu, akiruka madimbwi kama zamani alivyoruka wachezaji. Tulivuka barabara ya Juja, Dubow akiwa ametuacha hatua kumi.

"Bado kuna nusu saa," alisema. "Mkimbilie mzee, umwambie. Ukimwambia wewe, mimi sitalazimika kusema, na wale wazee hawatakusikia ukiitwa mwongo mbele ya watu. Nakupa nafasi ambayo mimi sikupewa. Nilipe, Mutisya."

Ilikuwa mara ya kwanza, tangu lile lango, kuniita kwa jina langu.

Nilikaza tai. Nilikuwa nimeivaa alfajiri ile kwa ajili ya mgeni, na ilikuwa na madoa ya magadi.

"Silipi," nilimwambia.